Nafasi Kwenye Benchi la Alto

Nantygof, 14 Oktoba 1962

Mpendwa Eluned,

Huku tu wazima, ukiacha kifua cha baba yako, ambacho humsumbua kila ukifika msimu huu na ambacho yeye hataki mtu akitaje. Kondoo wameshushwa mlimani. Mke wa mwokaji mikate amejifungua mtoto wa kiume, sura yote ya bibi yake, maskini. Keki ya matunda niliyokupelekea kwa mkono wa mchungaji wa kanisa sijui kama ilifika nzima au aliionja njiani. Niambie ukweli.

Sasa hilo la masomo ya sauti. Nilisoma barua yako mara mbili nikidhani macho yangu yamekosea. Wewe, mtu wa kufundishwa kuimba? Bibi yako aliimba alto, sauti yetu ya chini, hapa kanisani Soar mpaka wiki aliyofariki, mimi nikakaa mahali pake, na wewe ukakaa kushoto kwangu tangu ulipoacha kuimba na watoto. Hakuna aliyetufundisha kupumua. Nilimwambia baba yako kwamba binti yake anakwenda kwa mwalimu kujifunza kupumua, akasema huenda hewa ya Cardiff ni ya namna nyingine.

Sikukatazi. Ila ujue kwamba Jumatatu ya Pasaka ni Gymanfa, na safari hii makanisa yote ya bonde yanakuja kuimba kwetu. Mwongozaji ameshateuliwa: Idwal Maddocks. Bila shaka unamkumbuka. Ndiye aliyewasimamisha tenor wa kanisa la Bethania peke yao, wengine wote kimya, akawarudisha kwenye ubeti uleule mpaka mzee mmoja akatoka nje na kujifanya anakwenda kumtazama farasi wake. Huo ndio mchezo wake, kuisimamisha sauti moja na kuisikiliza ikiwa uchi. Mwaka huu itakuwa zamu ya alto, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Kwa hiyo lazima uwepo. Mazoezi yanaanza mwezi ujao. Huwezi kuja kila Jumapili, naelewa, lakini njoo mara mojamoja. Mahali pako naweka mkoba wangu, Dilwen wa benchi letu asije akajisogeza. Usichelewe kujibu. Siku hizi situlii, naanza kufuma soksi naifumua, sijui ni hali ya hewa.

Shangazi yako,
Ceinwen


Cardiff, 4 Novemba 1962

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Keki ilifika ikiwa imepungua kona moja, na simsingizii mtu. Mwambie baba avae ile fulana ya sufu, na asipokubali umfichie zote nyingine.

Nimehama chumba. Kule kwa kwanza jirani alikuwa akigonga ukuta kila nikianza mazoezi, ingawa mazoezi yenyewe ni kitu cha kuchekesha. Siku ya kwanza Bi. Lisle, mwalimu wangu, alinilaza chali juu ya zulia, akaniwekea kamusi nene tumboni, akaniambia niinyanyue kwa pumzi na kuishusha bila haraka. Ndiyo ilikuwa shughuli ya saa nzima. Siku ya pili tulipuliza midomo kama farasi. Tangu hapo ni “mmm” tu, kupanda na kushuka, mpaka pua inawasha. Nilipomwomba nimwimbie wimbo mmoja wa kwetu, akasema, “Nyimbo baadaye, binti. Nyimbo ndizo zilizokufikisha hapa.”

Kuna jambo jingine aliloniambia. Alinisikiliza, akafunga piano, kisha akaanza kuniuliza habari za Soar: nani hukaa wapi, nani yuko karibu na nani. Nitakueleza siku nyingine, bado sijalielewa vizuri mwenyewe.

Dukani wananivumilia. Juzi nilimfungia mteja glavu mbili, zote za mkono wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nikihesabu pumzi. Jioni siwezi kukaa. Nakwenda mpaka gatini na kurudi, nikifika nyumbani natoka tena. Nimekuwa kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni nini.

Kuhusu mazoezi ya Jumapili, kazi ni nyingi kidogo. Tutaona.

Mwanao,
Eluned


Nantygof, 2 Desemba 1962

Eluned,

Baba yako amevaa fulana. Nilifanya kama ulivyosema, akazunguka nyumba nzima akitukana kabati. Mbwa yule mdogo amekatwa mguu na waya lakini anapona.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. “Tutaona” ni jibu la kumpa mtu anayekuuzia mifagio mlangoni.

Mazoezi hayaendi. Gethin, kiongozi wetu wa kwaya, alitusimamisha alto mara mbili Jumapili iliyopita, akisema tunashuka, tunamaliza ubeti chini ya pale tulipoanzia. Dilwen akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, kwamba kuna mtu anayetuvuta. Nikamwambia ajisikilize mwenyewe kwanza. Hatujasemezana tangu siku hiyo, na kwa kuwa tunakaa benchi moja, inachosha.

Na siwezi kulaumiwa mimi tu. Mpiga kinanda siku hizi anagusagusa tu, habonyezi. Nilimwambia, akaapa kwamba anapiga vilevile kama miaka yote. Mchungaji naye amekuwa mtu wa kumung'unya, nusu ya mahubiri inaishia kwenye ndevu zake. Sijui watu wamepatwa na nini mwaka huu.

Huyo Bi. Lisle wako anataka kujua nani anakaa wapi Soar ili iweje? Ni mwalimu wa sauti au ni polisi?

Krismasi unakuja. Siulizi.

Shangazi


Cardiff, 16 Desemba 1962

Shangazi mpendwa,

Mmpe pole mbwa. Mimi ni mzima wa mwili.

Siji Krismasi. Ningeweza kusema ni duka, na kweli duka limefurika watu, lakini ningekuwa nakudanganya. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nina mchumba.

Bi. Lisle anasema mimi si alto, na kwamba sijawahi kuwa. Anasema sauti yangu makao yake ni juu, na nimeishusha kwa nguvu na kuifungia chini miaka yote hii, naisukuma kutoka kifuani. Aliniuliza, “Nani alikufundisha kusukuma hivi?” Nikasema hakuna. Akauliza kama koo hunipwelea nikishaimba. Nikamwambia ndiyo, kila baada ya Gymanfa, siku tatu nzima, na kwamba nyumbani hupewa asali na kitunguu, na watu husifu kwamba fulani kaimba kwelikweli, hata sauti kaiacha kanisani. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema mtu aliyeimba vizuri huamka kesho yake na sauti yake.

Wiki iliyopita alinipandisha, hatua kwa hatua, bila kunionyesha noti, na ghafla ikatoka sauti ambayo sikuijua. Haikuniuma, sikuisukuma. Niliogopa, nikajiziba mdomo kwa mkono. Shangazi, sikutaka kuacha, na wakati huohuo nilitamani kukimbia.

Tarehe 24 Aprili nitasikilizwa kwenye chuo cha muziki. Wakinikubali, nitaanza vuli. Bi. Lisle ndiye atakayenipigia piano, lakini ametoa sharti. Nikikaa alto kabla ya siku hiyo, hata kwa wimbo mmoja, yeye na mimi basi. Anasema hatamwaga miezi sita kwa sababu ya alasiri moja.

Je, nikija Pasaka nikakaa upande wa soprano, itakuwaje? Tafadhali nijibu upesi. Nikisubiri barua yako sitalala.

Eluned wako


Nantygof, 17 Februari 1963

Eluned,

Theluji imetufunga tangu siku ya pili ya Krismasi. Baba yako amefukua kondoo kila siku kwa fimbo ndefu na koleo. Wengi aliwapata wamekufa wakiwa wamesimama. Anakula akiwa amevaa koti. Barabara imefunguka juzi.

Barua yako ilinifikia Januari. Mtu wa posta alivuka kwa miguu mara mbili na angeweza kuchukua jibu. Sikumpa.

Hapa Soar mtu hahami upande. Wewe unajua nani alikaa wapi tangu kanisa lijengwe. Siku utakayokwenda kukaa kule soprano kwa kina Prosser, na mimi niko huku ubavuni patupu, kila jicho litanitazama mimi, si wewe. Watauliza nimekukosea nini.

Mkoba wangu bado uko pale kila Jumapili.

Ceinwen


Cardiff, 10 Machi 1963

Shangazi,

Poleni sana, sana, kwa kondoo. Nimemwandikia baba peke yake.

Nimepokea barua kutoka kwa Dilwen. Usimkasirikie kabla hujamaliza kusoma. Anasema Jumapili iliyopita uliingia kwenye ubeti wakati wengine wote wamekwisha kunyamaza, na ukaendelea mpaka Gethin akaja akakugusa begani. Anasema ulicheka, ukasema ulikuwa unajaribu kitu. Anasema nyumbani ulikwenda peke yako na hukutaka kusindikizwa.

Tangu nisome hayo sijakaa. Nimepiga pasi nguo zote, hata zisizopigwa pasi. Nawaza jinsi ulivyoniweka kushoto kwako siku zote, na hata nilipokuwa na mafua hukukubali nibadilishane na mtu. Nawaza jinsi ulivyokuwa ukiniegemea kwenye nyimbo ngumu. Nilidhani ni upendo, na najua ulikuwa upendo. Lakini ulikuwa unapokea sauti kutoka kwangu, sivyo?

Shangazi, unasikia? Nijibu hilo moja. Mengine yote naweza kungoja.

Eluned


Nantygof, 24 Machi 1963

Eluned,

Masikio yangu ni mazima, asante. Dilwen apeleke pua yake kwenye biashara zake.

Nilikwenda mjini kwa daktari Alhamisi, kwa jambo dogo la kawaida la mtu wa umri wangu. Theluji imebaki kwenye vivuli vya kuta tu. Kondoo waliosalia wameanza kuzaa.

Nimeandika mistari hiyo ya juu asubuhi. Sasa ni mchana na bado barua iko mezani, nimepita mbele yake mara nyingi. Basi nisikilize, na usinirudishie maneno haya siku yoyote. Siwezi kusimama mbele ya Maddocks bila wewe. Alto hunifuata mimi, wote, na nikipotea nitapotea nao mbele ya bonde zima, na sitaingia tena Soar. Haya, nimesema.

Alasiri moja tu. Njoo.

Shangazi yako


Cardiff, 7 Aprili 1963

Shangazi mpendwa,

Nakuja. Gari la moshi la Jumamosi, lile la mchana. Baba asije stesheni na kifua chake, nitatembea.

Nitakaa kushoto kwako na nitaimba alto. Nimemwambia Bi. Lisle mwenyewe, sikutaka ajue kwa watu. Aliniuliza ni nani huyo ninayemtupia kazi yetu yote. Nikamwambia ni shangazi aliyenilea mama yangu alipofariki. Alikusanya noti zake bila haraka, akasema kwamba yeye amekwisha fanya yake. Chuoni huenda nikaenda bila mpiga piano, au nisiende kabisa. Usilifikirie hilo. Nimelifikiria mimi, na nimechoka kulifikiria.

Nimeanza kujaribu sauti ya chini tena, isije ikanikataa siku yenyewe. Imerudi, lakini inakwaruza. Andaa asali.

Mwanao,
Eluned


TELEGRAMU
11 Aprili 1963

USIJE. RUDI KWA MWALIMU WAKO. BARUA INAFUATA. CEINWEN


Nantygof, 16 Aprili 1963

Eluned, mwanangu,

Najua umekasirika. Baba yako alikwenda stesheni Jumamosi hata hivyo, kwa kuwa hakuamini kama utatii. Alirudi peke yake, akavua kofia, akasema, “Ajabu. Kwa mara ya kwanza kasikia la mtu.” Anakusalimu. Kifua kimetulia.

Jumatano tulikuwa na zoezi la mwisho, alto peke yetu, kwenye chumba cha nyuma. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nikawaambia watulie, Eluned anakuja, atakaa ubavuni pangu. Ungeona nyuso zao zilivyofunguka. Wasichana walishikana mikono, mke wa mwokaji akashusha pumzi. Nikafurahi. Kisha Dilwen akasema, “Afadhali. Sasa tuna wa kumfuata.”

Nikamwuliza, “Na mimi je?”

Kila mtu alipata kitu cha kusoma kitabuni. Mwishowe Dilwen akainuka, akaja kukaa pale kushoto kwangu, kwenye sikio lililobaki, na hiyo ndiyo namna niliyojua kwamba wanajua hata ni sikio lipi. Akasema, “Ceinwen, sisi tunamfuata yule mtoto tangu ana miaka kumi na saba. Wewe tunakutazama, yeye ndiye tunayemsikiliza. Tulidhani unajua.”

Sikujua. Nilidhani mimi peke yangu ninayekuegemea, kwa siri, na ya kwamba wengine wote wananiegemea mimi. Kumbe ni benchi zima.

Kwanza niliona aibu, halafu nikawakasirikia wote, na wewe pia. Nilifika nyumbani nikazunguka jikoni na koti mwilini, kama baba yako wakati wa theluji. Nikatoa barua zako. Mwalimu wako alikuuliza nani alikufundisha kusukuma, nawe ukamjibu kwamba hakuna. Ni sisi, Eluned. Wanawake wazima, benchi zima, tumepanda juu ya koo la msichana, na kila akitoka amepwelewa mimi nampa asali na kutembea kifua mbele. Na sasa umeanza tena kujikwaruza kwa ajili yangu. Niliumia sana. Alhamisi nilikuwa mlangoni pa posta kabla hawajafungua.

Jumatatu sikukaa kwenye benchi. Nilimwambia Dilwen akae mahali pangu, nami nikapanda roshanini, kwa wale wanaokuja kusikiliza tu. Maisha yangu yote sijawahi kukaa kule. Watu waligeuka kunitazama, wakachoka, wakageuka mbele.

Maddocks aliwasimamisha alto, kama nilivyosema. Nilishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Mara ya kwanza aliwakatisha. Mara ya pili akagonga meza yake na kusema neno lililowachekesha kanisa zima isipokuwa alto. Mara ya tatu Dilwen aliinua kichwa, wakaenda mpaka mwisho wa ubeti. Baadaye watu waliniambia haikuwa nzuri lakini ilisimama. Inabidi niambiwe, kwa sababu mimi ni kama sikusikia kitu. Niliona midomo inafunguka. Ilinifikia ngurumo ndogo tu, ya mbali, kisha haikunifikia tena.

Nilipokwenda kwa daktari, aliniambia kwamba ugonjwa wangu huanza kula sauti za chini, na za juu huziacha mpaka mwisho. Nilidhani ananifariji, nikamwambia aniandikie dawa ya mguu, nipate la kusema nyumbani, niende zangu. Lakini soprano walipoingia, nilisikia kila kitu. Nilisikia maneno. Nilimsikia mke wa Prosser akichelewa kidogo kama anavyochelewa siku zote. Ubeti wa mwisho watu hawakutaka kuuacha, unajua wanavyokuwa wakishashikwa, wakaurudia na kuurudia, na mimi nikakaa kule juu nalia mbele ya wageni kutoka bonde la pili. Ni miaka miwili sijasikia Soar hivyo, na nilikuwa nimeketi katikati yake.

Bi. Lisle nimemwandikia mimi mwenyewe. Nimemwambia kosa ni la benchi, si lako, na kwamba hukukaa alto hata kwa wimbo mmoja, kwa hiyo sharti lake halijavunjwa. Kama ni mtu wa haki atafungua piano yake. Nenda kwake kesho.

Tarehe 24 nitakuja Cardiff. Sitaingia ndani, nitasimama kwenye korido nje ya mlango, na wakinifukuza nitasimama barabarani chini ya dirisha. Niliandika kwamba hapa mtu hahami upande. Hama. Ukibaki alto nitakuona ukifungua kinywa tu, kama niliowaona jana.

Panda huko juu, mwanangu. Huku chini sikusikii tena.

Shangazi yako,
Ceinwen